Pete ya Mama

Jumanne, 2 Machi 1954
Nimetwanga tangawizi na manjano mabichi tena, nikambandika mama vidoleni. Baridi yabisi imemrudia mkono wa kulia, kali kuliko mwaka jana. Mchuzi wa majani ya mlonge amekunywa nusu bakuli. Nilipomkanda hakulia. Mimi ndiye niliyekaribia kulia.

Alhamisi, 4 Machi
Uvimbe umeshuka, alhamdulillahi. Kidole gumba kinakunjika, cha shahada pia. Kimekaidi kimoja tu, chenye pete ya marehemu baba. Nyama imefura pande zote mbili, fedha haionekani vizuri. Nimejaribu sabuni. Nimejaribu mafuta ya nazi. Haitoki.

Jumamosi, 6 Machi
Ncha ya kidole imeanza kuwa nyeusi. Baridi. Naogopa. Dawa ni ileile iliyotuliza vidole vingine. Lakini hapa damu yenyewe haipiti, tangawizi ifanye nini?

Nimemwambia pete ikatwe.

"Wewe bandika dawa tu," akasema. "Pete hii ataivua mwosha maiti, si wewe."

"Mama, kidole kitaoza."

Akageukia ukutani. Nina hasira naye. Nina hasira hata na baba, Mungu anisamehe.

Jumapili, 7 Machi
Nimekwenda Msambweni kwa basi la kwanza, nikarudi kwetu Gazi na sonara. Mzee mpole. Alimwamkia mama, akakitazama kidole kwa muda, akasema, "Bibi, fedha huungwa. Kidole hakiungwi."

Mama akamnyoshea mkono. Kisha: "Kata. Lakini huyu binti yangu asiwepo."

Nimesimama uani nikiisikia tupa ya sonara ikikwaruza pete. Sijapata kusikia sauti mbaya kama ile. Sonara alipotoka aliniambia damu imeanza kurudi. Mama hakuniambia kitu.

Jumatano, 10 Machi
Kidole kina joto. Namwosha, nambandika manjano, namletea mlonge. Anapokea. Hasemi nami. Nilikuwa radhi kukosa radhi zake kuliko kumwona akikatwa kidole. Leo sina hakika sana.

Jumatano, 17 Machi
Weusi umekwisha. Ncha bado haihisi kitu, na huenda isihisi tena.

Baada ya alasiri mama ameniita barazani. Akaniashiria nikae chini, mbele yake. Akanifumua nywele, akaanza kunisuka. Polepole, akipumzika kila mstari. Anavuta kwa nguvu kama zamani. Imeniuma. Nimenyamaza nisije nikamfanya aache.