Milango ya Kupigwa Nyundo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia na goti halikusumbui sana. Sisi huku ni wazima, ila kuchoka tumechoka. Mkweo anakusalimu, na wajukuu wanauliza utakuja lini.

Kiwanda chetu kinapumua kwa shida. Tunafanya kazi siku tatu kwa wiki. Magari mapya yamejaa uani hadi ukutani, nyasi zimeota kati ya magurudumu, na wanunuzi wanajipitia zao kwenda kuchukua magari ya nje yaliyokwishatumika. Mkubwa wa mauzo anasema watu hawana uzalendo. Juzi nilimwona akishuka kwenye gari la nje, nikajifanya natazama viatu vyangu.

Miezi mitano iliyopita tuliletewa meneja mpya, mama mmoja mkimya. Wiki nzima alikaa pale mwisho wa laini, kwenye meza iliyokuwa yako, akinitazama nikiigonga milango kwa nyundo ya mpira mpaka ifunge. Niliringa kidogo. Wenzangu wakamweleza kwamba kazi hii nimeirithi kwako, Daktari wa Milango, ambaye kwa miaka ishirini na tisa hukushindwa na mlango hata mmoja. Akauliza tu kwa nini kila mlango utoke mgonjwa. Fundi mkuu akacheka, akasema milango ndivyo ilivyo.

Mimi sikucheka. Nilikwenda kuipima kalibu inayokunja bati za milango, nikakuta imelika upande mmoja, tena tangu enzi zako. Hakuna aliyejisumbua kuirekebisha kwa sababu ulikuwepo wewe, kisha nikawepo mimi.

Baba, nimekuficha jambo miezi miwili. Mkutanoni nilisimama mbele ya wote nikasema sisi wawili ndio tuliofunika ubovu huo, na kwamba kiwanda kikipona, watu kama sisi hawatahitajika. Wazee wenzako walitoka nje. Mmoja aliniita mtoto asiye na adabu. Kalibu imetengenezwa upya, meza yako imeng'olewa. Mlango wa kwanza ulifunga kwa kusukumwa na kidole. Watu wakapiga makofi, mimi nikaenda chooni kulia.

Naomba radhi yako. Si kwa nilichosema, maana ni kweli, bali kwa kukisema wakati hukuwepo kujitetea.

Msalimie sana Mama. Hata kama ni kunikaripia, niandikie.

Ni mimi,
kitindamimba wako.