Nyota ya Gari la Baba

Eldoret,
9 Novemba.

Kwa kaka yangu Gathogo,

Pokea salamu zangu hapo Nakuru. Natumai wewe, shemeji Wanja na watoto mko salama, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mvua imegoma kuisha na wenye mahindi wanalia kwamba yanaozea shambani, lakini Mama anakula vizuri na bado anagombana na kuku wa jirani. Ningekupigia simu, ila wewe simu huikata maneno yanapokuwa mazito. Barua nadhani utaisoma mpaka mwisho.

Uliniuliza gari la Baba limefikia wapi, kwa kuwa unataka limbebe mwanao Ciku siku ya harusi yake mwezi ujao. Limekamilika, kaka. Miaka miwili nimekuwa nikishona viti vya malori na pikapu za watu, na kila nilipopata nafasi nikaingia kwenye lile gari. Nilipolitoa nje hapa karakana, watu walisimama. Umesahau jinsi Lincoln ya mwaka 1964 ilivyo ndefu! Ubavu umenyooka kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, hauna mikunjo wala madoido, ila ule mstari wa nikeli unaong'aa juu. Milango ya nyuma inafungukia kwa nyuma, kwa hiyo ukifungua yote inatazamana kama ya kabati. Usukani uko kushoto. Kiti cha mbele ni kimoja tu, watu watatu wanakaa bila kusukumana. Vioo vinapanda kwa kubonyeza kidude, na bado vinapanda, polepole, kwa kunung'unika kidogo. Viti nimevishona kwa ngozi nyekundu nikifuata mishono ya zamani, tundu kwa tundu.

Unakumbuka Baba alivyolinunua kwa yule mwalimu Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao, na duka letu la kule Soy likakaa mwaka mzima bila rafu mpya. Unakumbuka pia alivyochukua msumari akachora namba ya gari kwenye kila kitu kinachoweza kung'olewa, kama wenye magari wote wanavyofanya kuwakomesha wezi. Alichora kwenye vioo vya pembeni, kwenye vifuniko vya magurudumu, nyuma ya saa ya dashibodi, hata chini ya ile nyota ya nikeli inayosimama mbele ya boneti. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, nane zake zote zililala chali.

Zile vurugu za baada ya uchaguzi zilipotukimbiza kutoka Soy mpaka Nakuru, gari lilibaki. Mzee Kimeli, rafiki yake Baba, alikuja akalichukua, akaliingiza katika ghala lake kule Sugoi na kurundika magunzi ya mahindi juu yake. Vijana wa huko wangelijua, wangelichoma na ghala lote. Alikaa nalo zaidi ya mwaka. Kisha Baba akakutuma wewe ukalilete. Lilifika bila nyota, bila saa, bila vifuniko vya magurudumu. Ulituambia, na machozi yalikulengalenga, kwamba Kimeli alikuwa amelinyonyoa kama kuku. Tulikuamini. Siku zile ilikuwa rahisi mno kuamini jambo kama hilo juu ya mtu wa kabila la waliotufukuza, na wewe ulijua.

Baba hakusema na Kimeli tena mpaka tulipomzika.

Mwezi uliopita mteja aitwaye Otiende aliniletea gari lake kutoka Kisumu nilishonee viti. Ni Lincoln pia, ya mwaka unaofuatia letu. Nilipokuwa nikizunguka kulitazama nilipitisha kidole chini ya nyota ya boneti, kwa mazoea tu, nikagusa mikwaruzo. Nikainama. Nane zilikuwa zimelala chali. Nikakaa chini sakafuni na mkasi mkononi.

Otiende ni mtu mwungwana na mwenye kutunza makaratasi. Alisema aliinunua nyota ile Nakuru pamoja na saa na vifuniko, mwaka ule wa 2009, na kwamba muuzaji alimwambia ni mali ya marehemu babake. Wiki iliyofuata akaniletea makubaliano ya mauzo. Sahihi ni yako, Gathogo. Nakala ya kitambulisho chako imebanwa nyuma yake, na picha yako ile uliyokata nywele vibaya. Baba alikuwa hai, anakungoja nyumbani na chai, na wewe unamwita marehemu!

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula. Kama ulikuwa na shida, si ungesema? Baba angeing'oa nyota ile mwenyewe akupe. Lakini ulichukua vitu, ukachukua na jina la mtu aliyehatarisha nyumba yake kwa ajili yetu, ukalitupa matopeni, ukanyamaza miaka yote hii. Kila Krismasi ulikaa mezani petu ukimsikia Baba akimlaani Kimeli, ukaomba uongezewe nyama.

Sasa nami nina langu la kukiri, kwa sababu siwezi kukuhukumu nikijificha. Siku ya mazishi ya Baba, Mzee Kimeli alikuja na mkewe, Mama Jemutai. Hukuwaona kwa sababu hawakufika uwanjani. Mimi niliwakuta langoni nikawaambia kwamba hapa si mahali pa wezi. Mama Jemutai alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa. Mzee alimshika mkewe mkono wakageuka. Sikuwahi kumwambia mtu, na kwa miaka minane nilijisifu moyoni kwamba nilimtetea Baba.

Jumatano nilikwenda Sugoi. Nilipiga magoti, nikamweleza Mzee Kimeli yote. Alisema alijua ni wewe tangu mwanzo, kwa kuwa siku ulipolichukua gari alikuwa amelifuta kwa kitambaa mwenyewe, na kila kitu kilikuwepo. Nilimuuliza mbona hakumwambia Baba. Akasema Baba alikuwa amepoteza duka na shamba mwaka mmoja, na yeye hakutaka kumpotezea na mtoto.

Nilirudi nikamweleza Mama. Alilia, kisha akaagiza nimletee kitabu cha umiliki wa gari, kwa kuwa Baba alimwachia yeye gari hilo. Jana tulikwenda pamoja Sugoi, tukamkabidhi Mzee Kimeli gari na funguo, Mama akatia sahihi. Mzee alikataa mara mbili, Mama akamwambia hatuondoki mpaka apokee. Tulirudi Eldoret kwa pikipiki.

Kwa hiyo, kaka, gari la harusi ya Ciku liko tayari, na linapendeza kweli. Ukilihitaji, nenda Sugoi ukamwombe mwenyewe. Uende mchana, watu wakikuona.

Msalimie shemeji, na umbusu Ciku kwa niaba yangu. Mama hajakutumia salamu; amesema anasubiri kusikia kwanza kutoka kwa Kimeli.

Ni mimi dadako,
Wahu.