Mtu wa Tairi la Mbele Kushoto

Jumamosi, 2 Mei

Saa mbili asubuhi. Kompyuta juu ya meza ya chakula, chai imeshapoa. Nasra amejilaza kwenye kochi na blanketi lake, macho kwenye simu. Mbio za kwanza za msimu, Uingereza. Zinachukua saa moja tu. Kila gari lina madereva wawili. Katikati lazima lisimame, mmoja ashuke, mwenzake apande, na matairi yote manne yabadilishwe. Hapo ndipo alipo Baba Nasra, kwenye tairi la mbele kushoto. Siku hizi nimeolewa na nusu dakika ya hiyo saa moja.

Gari lao la kijani, mstari wa njano. Wote wamevaa ovaroli na helmeti, uso wa mtu huuoni. Nilimjua hivyo hivyo. Hupiga goti la kulia kwanza, maana la kushoto limeharibika tangu yuko Tanga. Na akishakaza nati hulipiga tairi kofi. Pap! Ndivyo alivyofanya miaka yote kwenye gereji ya matairi kule Lanham, huku huku Marekani, kwa kila mteja. Kwake maana yake kazi imekwisha, nenda. Hata siku ile ya kuondoka, uwanja wa ndege wa Dulles, alishusha begi lake, akafunga buti la gari langu, akalipiga kofi. Nikaenda. Nililia mpaka daraja la kuingia Maryland.

Nasra aliruka kutoka kwenye kochi. "That's Baba! He did the thing!"

Nilifurahi. Sikutaka kufurahi, lakini nilifurahi.

Jumapili, 3 Mei

Mbio za pili. Kamera haikuwaonyesha kabisa. Saa nzima nimekaa kutazama magari ya watu wengine. Nimefua mapazia yote kwa hasira.

Jumanne, 19 Mei

Nasra ameuliza kwa nini baba yake alikwenda. Nimemjibu jibu la adabu. La kweli naliandika hapa.

Hiyo timu ya Ubelgiji ilikuja kushindana Virginia, wakapungukiwa mtu mmoja. Bosi wa gereji akampeleka Baba Nasra awasaidie. Wakaipenda mikono yake, wakamwombea vibali vya kazi. Msimu mmoja tu, alisema. Oktoba nitakuwa nyumbani. Ila hakuanza kuniambia mimi. Aliwatangazia wageni mezani kwangu, mimi nimeshika bakuli la mchuzi.

Watu wa Tanga wa huku walimwagia sifa. Wakakodi ukumbi Langley Park, pilau, hotuba, bendera ya kwenda kuitundika Ulaya. Salimu, mwenyekiti wa kundi letu la WhatsApp, ndiye aliyempa jina la Mhandisi. Mume wangu alilia mbele za watu. Miaka kumi na sita ya ndoa sijamwona akilia kwa jambo langu.

Jumamosi, 20 Juni

Uholanzi. Uwanja uko kando ya bahari, upepo unapeperusha mchanga mpaka barabarani. Leo kamera iliwaonyesha vizuri. Heri isingewaonyesha.

Gari limesimama, limenyanyuliwa kwa jeki. Goti la kulia, tairi la zamani limetoka, jipya limeingia. Kisha nati ikamponyoka. Ikabiringika chini ya gari, ikatokea upande wa pili, akawa anaifuata kwa magoti na mikono. Magari mengine yanapita. Dereva anapiga usukani ngumi. Mtangazaji anacheka, yule wa Kiingereza, mwenye sauti ya kujifanya anaona huruma. Walikuwa wa nne, wakamaliza wa mwisho.

Hakupiga kofi. Alisimama tu, mikono imening'inia.

Nasra amejifungia chumbani. Mimi nimekaa nimejiziba mdomo. Nilikuwa na hamu ya kumshika, na yuko Uholanzi.

Jumatatu, 22 Juni

Salimu ndiye wa kwanza kutuma ile video kwenye kundi. Salimu yule yule wa hotuba. Chini yake vicheko mstari mzima. Mtu katengeneza picha ya nati yenye miguu inakimbia. Mwingine kaandika: Mhandisi, nati imeomba hifadhi Ulaya. Na Baba Nasra yumo kwenye kundi, anasoma yote.

Nilimpigia. Akasema ni utani tu, mambo ya kawaida, timu imemwelewa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa na mwingine.

Nimejitoa kwenye kundi. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumamosi, 18 Julai

Italia. Mbio za jioni kwao, huku mchana. Gari la kijani likasimama. Mtu wa tairi la mbele kushoto akapiga goti la kushoto.

Nikajiambia wamembadilishia nafasi. Nikarudisha video, nikatazama tairi moja moja. Mbele kulia, si yeye. Nyuma, si yeye. Upande wa pili, si yeye. Hakuna aliyepiga kofi. Nikarudisha tena. Kazi yao ilikuwa safi, ya haraka, nikawachukia wote.

Nasra aliniuliza, "Was that Baba?" Nikasema ndiyo. Imetoka yenyewe.

Jumapili, 19 Julai

Amepiga simu jioni, kama kawaida yake kila baada ya mbio. Joto la huko, chakula cha huko. Nilimwacha aseme. Kisha nikamtegea.

"Tumekuona jana. Ulivyolipiga lile tairi, Nasra karuka."

"Eeh," akasema, akacheka. "Jana nimelipiga hasa."

Nikampa Nasra simu, nikaenda bafuni, nikafungulia maji.

Mwongo. Mwongo mwenye sauti nzuri.

Alhamisi, 6 Agosti

Wiki mbili nimezunguka na jambo hili peke yangu. Mwisho nikamwambia Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu tunayekunja naye mashuka kwenye chumba cha kufulia hotelini, pale kando ya mto. Ana ndugu Brussels. Nilimwomba amwambie ndugu yake aulizie, taratibu, bila kutaja jina langu.

Leo amesubiri mpaka msimamizi ametoka. Akaninong'oneza.

"Bwana yako iko Bruxelles. Anaoshaka sahani kwa resto ya rafiki ya ndugu yangu. Analalaka pale juu. Timu ilimufukuza tangu ile mambo ya Uholanzi." Kisha akanishika mkono. "Mwanamke hana. Niliuliza."

Alidhani ananipoza.

Angekuwa na mwanamke ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningewaita wazee, ningedai talaka yangu. Sasa nigombane na nini? Na sinki?

Ndege ya kutoka kule inatua Dulles kila siku. Kuosha sahani angeweza kuosha hapa Oxon Hill, halafu akalala kitandani kwake. Hakuna anayemzuia. Anachoogopa ni Salimu na vicheko vyake. Kati yetu na Salimu, amemchagua Salimu.

Jumamosi, 29 Agosti

Ufaransa. Nilimwamsha Nasra mwenyewe. Gari liliposimama nikanyoosha kidole: yule pale baba yako. Nimekuwa mwongo sawa naye, na mimi sina hata Ulaya ya kujifichia.

"Mm-hm," alisema. Hakuinua kichwa.

Jioni simu ikaja. Amechoka, anasema, kazi ilikuwa nyingi. Nikamwambia pole na kazi. Nyuma yake nilisikia sahani zinagongana.

Mbona simwambii? Nimejiuliza usiku kucha. Nataka aseme mwenyewe. Nimempa nafasi kila simu, naacha kimya kirefu, anakijaza na hali ya hewa.

Jumatano, 9 Septemba

Nimekwenda Langley Park kununua nyama. Pale wanapojenga reli, vumbi tupu, nimekutana na Salimu. Mkufu, manukato, meno yote nje. Mhandisi anarudi lini shemeji? Tumwandalie pilau nyingine, tumtanie kidogo.

Nikamwambia Oktoba. Nikamwambia na pilau uipike mwenyewe. Akacheka, alidhani nafanya mzaha.

Jumapili, 11 Oktoba

Mbio za mwisho, Hispania. Nimepika maandazi, sijui ya nini. Nasra alikuja kukaa mezani, karibu na mimi, jambo ambalo hajalifanya msimu mzima.

Gari la kijani likaingia. Goti la kushoto. Nikafungua mdomo kusema lile neno langu.

"Mama, stop," akasema. "That's not him. It hasn't been him since Italy."

Nikamuuliza amejuaje. Aliinua kiganja, akakiweka juu ya meza polepole, bila sauti.

Tangu Julai, kumbe. Mtoto wa miaka kumi na minne ameyameza peke yake chumbani kwake, kila siku ya mbio anakuja kukaa kwenye kochi ili mama yake asijue kwamba anajua. Akaongeza, "I didn't want you to be sad."

Nililia kwa sauti. Gari lao lilikuwa la kumi na moja. Maandazi tumeyala yote.

Jumatatu, 12 Oktoba

Jana sikuweza kuandika simu yake. Naiandika leo.

Alipiga jioni, mchangamfu. Msimu umekwisha, alhamdulillahi. Ila timu wamemwomba abaki majira ya baridi, kuna magari ya kutengeneza, wanamthamini sana. Labda masika atarudi. Labda.

Nilikuwa nimeweka simu mezani, sauti imefunguliwa. Nasra yupo. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema, "Tangu Italia tairi halijapigwa kofi. Sisi wote wawili tunajua. Sinki lako tunalijua. Rudi nyumbani, na Salimu niachie mimi."

Kimya. Safari hii hakukijaza. Nikasikia bomba la maji linafunguliwa, likafungwa. Simu ikakatika.

Baada ya saa moja ukaja ujumbe. Nirudi na uso gani?

Nimeutazama muda mrefu. Uso ule ule ulioondoka nao, mjinga wee. Nikaandika hivyo hivyo, nikatuma. Ameusoma. Hajajibu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Hakuna mbio. Saa mbili nimeamka vilevile.

Bado hajajibu. Sijapiga tena. Jana nimekusanya nguo zake nikazitia kwenye sanduku, sanduku nikaliweka kabatini. Sikulifunga.

Baridi imeanza, tairi moja la gari langu linapoteza upepo. Tumekwenda Lanham, gereji ile ile. Bosi aliniuliza habari za mwenzangu. Nilimwambia hayuko kwenye mbio tena, yuko Brussels, anaosha sahani. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu wa nje, na hakuna kilichoanguka. Bosi akatikisa kichwa. Akasema nafasi yake iko pale pale, hata kesho.

Kijana wake akatoa tairi, akaziba, akarudisha, akakaza nati, akashusha jeki. Akaondoka kwenda kwenye gari lingine. Nikaingia, nikawasha, nikakaa. Mguu haukushuka kwenye pedeli. Nilikuwa nangoja, na nilijua nangoja nini, nikaona haya.

Nasra alikuwa bado nje. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni ananitazama. Akainama kwenye lile tairi, akalipiga kofi. Kisha akapanda, akafunga mkanda.

Nikaondoa gari.