Mama wa Mzee Edgar Hayuko Penye Jiwe Lake

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapotea kabisa, maana mimi ndiye ninayeandika kijitabu cha historia ya parokia yetu ya Ollerby, kanisa moja na nyumba thelathini, nikidhani kazi ni kunakili tarehe za ubatizo na nani alimwoa nani, kumbe mwezi jana nikakuta kabatini, nyuma ya vitabu vya nyimbo, ramani ya makaburi ya mwaka 1950, nikatoka nayo nje na hakuna jiwe hata moja lililo mahali pake, ndipo nikakumbuka kwamba mwaka 1968 mawe yaling'olewa yakaegemezwa ukutani ili mashine ya kukata nyasi ipite, na aliyeyang'oa ni baba yangu, marehemu Cyril, mzee wa kanisa, aliyekuwa akisema, "Wafu hawana haraka, nyasi ndizo zenye haraka," nasi tukicheka.

Sasa jirani yangu Mzee Edgar Thirkell, miaka themanini na minane, alifiwa na mama yake akiwa na minne, akalelewa na shangazi mbali, akarudi mawe yakiwa tayari ukutani, na kila Jumamosi hupeleka maua kwenye jiwe la mama yake akidhani ndipo alipolala, yaliyonyauka huyatupa kwenye lundo la nyasi nyuma ya kanisa, na mshauri, ramani inasema mama yake yuko chini ya lundo hilo. Juzi daktari kamwambia hatafika Krismasi, naye akanishika mkono: "Mwanangu, nishaongea na kasisi, nichimbieni pale ukutani kwa mama. Mkinipeleka kwingine nitawatokea!" Nikacheka, nikaenda nyumbani nikalia. Nikimwambia nitamvunja moyo, nisipomwambia tutamzika kando ya jiwe tupu, nikiandika kijiji kitamtukana baba, nisipoandika hiyo si historia, sijui nishike lipi. Nifanyeje?

Aliyechanganyikiwa, Ollerby

Dada yangu, pole. Ila nimeisoma barua yako mara mbili na nakuambia wazi: unasema unamhurumia Edgar, kumbe unayemlinda ni Cyril. Baba yako hakuwa mwovu, alikuwa mtu mwenye mashine mpya. Lakini mficha uchi hazai, na kijitabu chako kinaweza kungoja. Mzee hawezi.

Kesho asubuhi mpelekee kasisi ramani, mwulize kama penye lundo panachimbika. Kisha chukua reke na toroli ulihamishe lundo mwenyewe, usimtume mtu. Ndipo ukamwite mzee, umshike mkono, umwonyeshe. Mtaje baba yako kwa jina, usijifiche nyuma ya "watu wa kanisa". Akitukana, pokea. Akilia, usimwambie "basi, basi", mwache alie. Akiuliza kuhusu lundo, usimdanganye: zaidi ya miaka hamsini maua yake yameishia alipolala mama yake, na kama hilo ni la kucheka au la kuumia, ataamua mwenyewe.

Halafu muulize anataka kuzikwa wapi. Huenda akasema palepale ukutani, kwenye jiwe alilolizoea. Sawa, azikwe hapo. Ila alipofiwa na mama hakuulizwa kitu, alikuwa mtoto. Mwaka 1968 hakuulizwa pia. Safari hii aulizwe.