Jina Chini ya Sufuria

Lavinia pokea simu! Basi soma. Nimejifungia kwenye choo cha kanisa.

Jana niliunguza maharage ya msiba wa marehemu Mama Odessa, yale meupe ya nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi. Nilikuwa kwake nafanya usafi, nikakumbuka friza. Mna sufuria nzima ya maharage kama hayo, aliyopika kabla hajalazwa hospitali! Nikaibeba, nikapasha, leo nikaileta hapa kanisani. Nikasema nimepika mimi.

Nimesema NIMEPIKA MIMI, Lavinia.

Mchungaji Tolliver kaonja, kafumba macho. "Dada Renita, hii shingo ya bata mzinga umeichemsha tangu lini?"

"Tangu alfajiri, mchungaji." Kanisani! Mdomo wangu huu!

Watu wakagombania mpaka ikaisha. Bi Hattie akaigeuza aioshe, akaganda. Mimi nimesahau kabisa kwamba hapa hakuna mwanamke anayeleta chombo kanisani bila jina lake chini, kwa rangi ya kucha.

Bi Hattie akasoma kwa sauti: "Odessa Pruitt."

Halafu akapiga yowe: "Bwana asifiwe! Kajipikia msiba wake mwenyewe!"

Weeee! Watu wanalia, wanaruka, mpiga kinanda kakimbilia kinanda. Muujiza, eti! Mchungaji aliyeniuliza tangu lini naye anaruka!

Hajaruka mtu mmoja tu, mume wa Odessa, Mzee Pruitt. Kanifuata. Yuko nje ya mlango sasa hivi, anagonga polepole.

"Renita, mwanangu. Kwenye friza imebaki sufuria ndogo."

Nimeweka sikio mlangoni.

"Hiyo usiiguse. Hiyo alinipikia mimi."