Ng'ombe wa Wifi Holo Ndani ya Simu

Jumatatu, 5 Mei

Magunia matatu toka asubuhi, yote yana mawe. Mama mmoja anayepeleka mchele Chato amekataa kununua. Alitia punje mdomoni, akatafuna, akatema kijiwe kiganjani, akanikabidhi. Afadhali angetukana.

Watu wa huku wanazama mashimoni kutafuta mawe ya dhahabu. Mimi nayatoa kwenye mchele, bure.

Mashine yangu ya kukoboa haina ubaya. Ila mpunga wetu unaanikwa chini, unakuja na vijiwe, na vijiwe vinatoka pamoja na mchele. Dawa ni ile mashine ya kuchambua mawe, ya China. Masumbwe nzima hakuna aliye nayo. Wifi Holo, mjane wa kaka yangu, ameuza maksai wake wawili, Afisa na Jirani, ili tuinunue pamoja. Plau yake imeegemea ukuta haina wa kuivuta. Mashine ikifanya kazi msimu huu, atanunua wengine kabla ya mvua. Isipofanya, atalima kwa mkono. Ana miaka hamsini na tatu na goti bovu.

Jumatano, 7 Mei

Segese, kwa Kulwa. Ni karani wa mnunuzi wa dhahabu, kijana wa shikamoo nyingi.

Lina, binti wa kiwandani China anayetuuzia mashine, hataki mambo ya benki, zinachelewa na zinakata mno. Anataka dola za mtandaoni. Kila moja ni dola moja, leo na kesho, haipandi haishuki. Kulwa anazituma kila siku. Nikampa shilingi zetu, akanitumia dola, zikaingia kwenye pochi ndani ya simu. Sikusikia hata mlio.

Akanipa masharti. Maneno kumi na mawili ya siri niyaandike kwenye karatasi, nisiyapige picha, nisimpe mtu, hata yeye. Mtandao wa kupitishia hizo dola niutumie uleule wa Lina, maana ipo mingi, na hela ikipita kwingine haifiki. Nianze na kidogo cha majaribio. Na anwani ya pochi ya Lina, herufi na namba thelathini na nne zisizo na maana yoyote, niangalie nne za mwanzo na nne za mwisho. "Zote nani atazisoma, mama?" Tukacheka.

Nikatuma dola kumi. Dakika haikuisha, Lina akaandika kwa ile programu yake ya kutafsiri: Mpendwa rafiki, kumi imefika. Dakika moja hadi China. Basi la kunirudisha Masumbwe limekula mchana wote.

Alhamisi, 8 Mei

Nimelala mchana juu ya magunia. Umeme ulikatika, pumba zikawa zinaelea kwenye mwanga wa dirisha, hazitui. Nikaota mchele unashuka bila sauti. Mchele wetu una sauti, vijiwe vinagonga bati. Huu ulishuka kimya, mweupe, haukuisha. Niliamka na furaha ya kijinga.

Kwenye pochi imeingia hela ya chembe, sifuri nukta na masifuri mengine. Imetoka kwa Lina. Nne za mwanzo zilezile, nne za mwisho zilezile. Nadhani ndivyo wanavyotoa risiti. Watu wa mbali wana adabu.

Ijumaa, 9 Mei

Imekwenda.

Holo alikuja na kitenge chake cha kanisani. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, akakaa juu ya gunia. Nikafanya kama tunavyofanya kwa wakala: ukimtumia mtu mara ya pili, unafungua muamala wa juu kabisa, unachukua namba hapo. Holo akainama kwenye kioo, anasubiri jina. Kwenye simu zetu jina hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Nikamwambia huku jina hakuna.

"Sasa tunajuaje ni yeye?"

Nikakasirika. Sipendi kuulizwa nikiwa na hofu. Nikamwambia asinifundishe kitu ambacho hakijui, nikamwonyesha nne za mwanzo, nne za mwisho. Akaguna. Nikabonyeza. Dola elfu mbili na mia nne, za kwangu na za Afisa na Jirani, zikatoka kwa pamoja. Tukaenda kunywa soda.

Jumamosi, 10 Mei

Lina ameandika: Mpendwa rafiki, bado sijapokea.

Nimezisoma zote thelathini na nne. Ile aliyonipa Lina, na ile niliyotumia jana. Zinafanana hadi ya nne. Ya tano zinaachana. Zinaendelea kuachana njia nzima, halafu zinakutana tena mwishoni. Simu yenyewe inaonyesha za mwanzo, vidoto, za mwisho. Katikati imeficha.

Ile ya chembe haikuwa risiti.

Nimekaa chini kwenye pumba.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kanisani. Nimekwenda Segese.

Kulwa alisoma, akavua kofia. Amesema wezi wana mashine ya kutengeneza anwani, mamilioni kwa mamilioni, hadi ipatikane inayofanana na ya mtu unayemtumia. Halafu wanakutumia chembe ili anwani yao ikae juu kwenye orodha yako. Kisha wanangoja. Anwani haichukuliwi kwenye orodha ya miamala, amesema. Unaihifadhi mara moja kwa jina lake, na kila ukituma unaisoma yote, herufi kwa herufi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema Jumatano. Amesema alisahau. Nilitamani kumzaba kibao. Shikamoo zote zile, halafu anasahau.

Huku hakuna kupiga simu huduma kwa wateja. Aliyebonyeza amebonyeza. Tumeiandikia kampuni inayotoa hizo dola. Wakiwa na karatasi ya polisi, wakati mwingine huifungia anwani ya mwizi. Wakati mwingine.

Kitu cha ajabu ni kwamba hela ipo. Miamala yote inaandikwa kwenye daftari la mtandaoni, na daftari lenyewe liko wazi kwa dunia nzima. Unaweka anwani, unaona kilichomo. Elfu mbili na mia nne. Imekaa. Hakuna aliyeigusa.

Jumanne, 13 Mei

Polisi. Afande aliandika kwa hati nzuri. Akauliza jina la aliyepokea. Nikasema hana jina. Akainua kalamu, akaningoja.

Hela bado ipo.

Holo amepita kuuliza kama mzigo umepanda meli. Nikasema bado wanafunga. Uongo ulitoka laini kabisa, wala sikuuandaa.

Alhamisi, 15 Mei

Bado ipo. Naangalia nikiamka, naangalia mashine ikizima, naangalia nikiwa na kijiko mdomoni. Imefikia mahali napenda kuiangalia. Inatulia. Nadhani mwizi naye amelala. Pengine ni mtu mwenye homa, chumbani kwake, nchi nisiyoijua, na simu iko mbali na kitanda. Namwombea aendelee kulala.

Mchana nilisinzia nikawaona Afisa na Jirani wamesimama ndani ya kioo cha simu, majani hadi magotini. Wananitazama wanacheua. Nikagonga kioo kwa ukucha. Jirani akageuza sikio, basi. Wako karibu kabisa na hakuna mlango.

Ijumaa, 16 Mei

Bado ipo. Kampuni imejibu. Ombi limepokelewa. Barua ya mashine, haina aliyeiandika.

Jumapili, 18 Mei

Holo amekuja na mifuko miwili ya saruji kwenye baiskeli ya kukodi. Kwa hela yake. Amesema mashine ya China haiwezi kukaa kwenye vumbi, italia. Amechanganya mchanga mwenyewe, amemwaga sakafu pale mashineni, kona ya mlangoni, amepiga magoti juu ya lile goti bovu, anasawazisha kwa ubao. Mimi nilikuwa nachota maji. Nilichota ndoo baada ya ndoo ili nisisimame karibu naye.

Najichukia.

Jumatatu, 19 Mei

Kulwa amepiga simu. Kwanza shikamoo. Halafu akasema niseme Lina ametutapeli. Kwamba amepokea na amezima simu. Nani atakwenda China kumuuliza? Holo atalia, atamlaani Mchina, na mimi nitalia naye.

Nilikata simu. Ila sikumkatalia. Nimeandika hapa ili isije ikapotea kwamba sikumkatalia. Toka saa nne hadi saa nane mchana nilikuwa nimeshaisadiki ile hadithi, hadi nikaanza kumchukia Lina. Ameniandikia leo kuuliza kama niko salama.

Jumatano, 21 Mei

Sifuri.

Ilikuwepo saa moja asubuhi. Saa tatu haipo. Daftari linaonyesha ilipokwenda: vipande vitatu, anwani tatu, na kila moja imeshamwaga kwingine. Nilifuata kidogo, kutoka anwani hadi anwani, hadi macho yakaingia ukungu.

Nilidhani nitalia. Nimekoboa magunia saba. Mikono ilikuwa myepesi sana. Yaani kuna kitu kimekwisha, na nilikuwa nimechoka nacho.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia.

Nilimkuta nyumbani kwake anapukuchua mahindi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, sikutaka kiti. Hakuamini, si kwa hasira, hakuelewa tu. Nikamwandikia anwani zote mbili kwenye mgongo wa kalenda, kwa kalamu ya kuandikia magunia, moja juu ya nyingine. Akafuata kwa kidole. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano kidole kikasimama. Kilikaa pale muda mrefu.

Akauliza nilijua lini. Nikasema Jumamosi ile, siku moja baada ya soda.

Akahesabu kwa vidole. Siku kumi na mbili.

"Ng'ombe umepoteza, sawa. Ulikuwa na mimi pale, tumepoteza wote. Ila sakafu uliniacha nimwage peke yangu."

Akarudi kwenye mahindi. Sikuagwa.

Jumatatu, 26 Mei

Hapiti. Njia yake ya kisimani inapita mlangoni kwangu, anazunguka kwa nyuma ya shule.

Sakafu imekauka, imekuwa nyeupe. Wateja wanaweka magunia pale. Nimewafokea watu wawili. Mmoja alikuwa mchungaji.

Jumapili, 1 Juni

Nimeuza mabati. Arobaini na mawili, niliyokuwa naweka kidogokidogo kwa ajili ya nyumba yangu, mwaka wa tatu sasa. Fundi aliyeyanunua amenipunja na mimi nimekubali kupunjwa. Yalipokuwa yanapakiwa yalipiga kelele mtaa mzima. Nikasimama katikati ya makelele yale nimefumba macho. Sikujisikia vibaya hata.

Hela inatosha maksai mmoja. Nimepiga hesabu kila namna. Mmoja.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemnunua mnadani. Mwekundu, ana paji jeupe, anajua nira. Nimemvuta kwa kamba mwenyewe hadi kwa Holo, kilomita tisa, kanga kiunoni. Njiani hakuna aliyenisalimia bila kuniangalia mara mbili. Jua lilikuwa kali, barabara inatetemeka mbele, na yule mnyama ananipumulia shingoni. Kuna mahali nilisahau ninakwenda wapi. Nilikuwa natembea tu na ng'ombe, basi.

Holo alikuwa uani. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Alimzunguka, akamfungua mdomo, akaangalia meno, akapapasa nundu. Akamfunga kwenye mti. Akaniletea maji, nikanywa yote.

Nikasema najua plau inataka wawili. Nikasema sina kingine.

Akaniangalia kuanzia miguuni, miguu yenyewe imejaa vumbi. Akaniangalia mabega.

"Wa pili utakuwa wewe, wifi."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Alichukua kikombe akaingia ndani.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya kimya. Mpunga umepungua, kila mtu yuko shambani anamalizia kuvuna.

Nimemwandikia Lina asitusubiri mwaka huu. Amejibu: Mpendwa rafiki, mashine ipo, nitakuwekea. Nimehifadhi anwani yake kwa jina lake. Niliisoma yote, kwa sauti, mara mbili. Hakuna hela ya kutuma, ila nimeisoma.

Saa kumi hivi Holo amepita na yule maksai. Amepita mbele, si nyuma ya shule. Amemvisha nira ya wawili, na mti wenyewe umelala shingoni mwake upande mmoja tu, upande wa pili ameuning'iniza kwa kamba asiuburuze. Anamzoesha kutembea kushoto. Kulia pako wazi.

Nikazima mashine. Nikatoka, nikashika ule mti upande wa kulia, nikauweka begani. Mzito kuliko unavyoonekana. Holo alikuwa nyuma yetu, akapiga mluzi mara moja, tukaenda hadi kisimani.