Rivolva ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi. Malori mawili ya vitambaa, mafundi wengi kwa miguu. Manyunyu saa nne. Viatu vya kampuni vimenichubua tena kisigino.
Saa saba Shemeji akapiga simu. Sauti ya kawaida, kama mtu anayeniomba nimletee sabuni. Ameamua kununua bastola. Ndogo, ya kubeba. Hajawahi kushika bastola maishani mwake, kwa hiyo anataka mimi nimchagulie.
"Wewe njo unajua hizi vitu," alisema.
Nikasema sawa. Kisha nikafungulia lori geti, nikasahau kuandika namba yake.

Jumatano, 5 Machi
Niandike wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu.
Shemeji ni mjane wa kaka yangu Déo. Ana saluni ya kusuka ghorofa ya kwanza katikati ya mji, juu ya maduka ya jumla. Wiki mbili zilizopita wanaume wawili waliingia mchana wakamwibia yeye na msusi mwenzake. Ndiyo maana anataka silaha. Ana kibali cha kudumu, anaweza kuomba leseni. Mimi nina karatasi ya ukimbizi tu.
Kwa nini ameniomba mimi? Kwa sababu nilidanganya. Nilipopata kazi ya ulinzi katika kiwanda cha nguo, hapa mtaa wa Doornfontein, watu wa kanisa waliniuliza kazi gani. Nikajibu: kitengo cha silaha. Kwetu Kalemie nilikuwa mwalimu wa jiografia, watoto walikuwa wanasimama nikiingia darasani. Hapa nafungulia malori geti. Nilitaka nami niwe na kitu cha kusema. Tangu siku ile wananiita Komanda.
Nina rungu na redio ya mkononi ambayo betri yake hufa kabla ya adhuhuri. Bunduki sijawahi kushika. Vita vilipokuja kwetu nilikimbia kama wengine.

Jumamosi, 8 Machi
Video kwenye simu tangu asubuhi. Nimeandika mambo kama nilivyokuwa nikiandaa somo. Rivolva ni rahisi kwa anayeanza: unaona risasi zilipo, hakuna vitufe vingi vya kusahau. Iliyo ndogo hujificha. Mzungu mmoja alisema iliyo nyepesi sana hupiga mkono. Nikaruka hapo. Nilikuwa natafuta maneno ya kusema, si ukweli.
Mchana nikapita saluni kuonyesha kwamba nalishughulikia. Clarisse, binti anayesuka pamoja na Shemeji, bado ana alama chini ya jicho. Akaniamkia, "Shikamoo, Komanda." Nikaitikia huku natazama mafuta ya nywele kwenye rafu.

Jumapili, 9 Machi
Mchungaji aliiombea saluni. Halafu akasema wale wezi wana bahati, wangemkuta Komanda siku ile wangejuta kuzaliwa. Watu wakasema amina.
Nilitikisa kichwa. Polepole, kama mtu mwenye nguvu anayejizuia. Naandika ili nione nilivyo.

Jumatano, 12 Machi
Nilikuwepo.
Siku nyingine zote nimeandika pembeni ya neno hilo. Leo liwe hapa.
Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilikula pale saluni, nikaaga, nikasema nashuka kununua mkate. Kisha nikakumbuka koti langu, nikarudi kwa mlango wa nyuma, pale nyuma ya pazia wanapooshea nywele. Wao hawakuniona nikirudi. Ndipo wakaingia wale. Nilisikia wanataka simu. Nilisikia Shemeji anawabembeleza kwa Kizulu. Nilisikia Clarisse anasema kwa Kiswahili, "Hapana, cheni ni ya mama," kisha kofi. Kisha kofi jingine.
Nilikaa chini kati ya mtungi wa gesi na ndoo. Nilikuwa nimefunika simu yangu kwa viganja viwili isije ikalia. Hilo tu ndilo nililofikiri. Si Clarisse. Si mke wa Déo.
Walipoondoka nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikashuka ngazi za dharura, nikazunguka jengo, nikanunua mkate. Nikapanda kwa mbele na uso wa mtu anayefika. Nikauliza, "Kuna nini?"
Halafu nikasema, "Kama ningekuwepo." Sikumaliza. Shemeji akanishika mkono akanimalizia: "Ungekuwepo wasingethubutu."
Mkate ulikuwa bado wa moto.

Jumamosi, 15 Machi
Duka la silaha, upande wa kaskazini. Shemeji alivaa suti yake ya kanisani. Muuzaji mama wa Kizungu, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Alitandika kitambaa juu ya kioo, akaweka rivolva tatu. Kila moja aliifungua silinda kwanza, akatuonyesha matundu ni matupu.
Nikachukua iliyo ndogo kuliko zote. Nyepesi ajabu, kaliba thelathini na nane. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kifyatulio, na mdomo wa mtutu ukamwelekea yule mama tumboni. Akausukuma pembeni kwa vidole viwili, taratibu, namna unavyomgeuza mtoto kichwa. Akasema kwa upole nitoe kidole.
Joto likanipanda hadi masikioni. Shemeji alikuwa anatazama ukutani. Sijui kama aliona.
Nikatoa somo langu hata hivyo. Hii ni nyepesi, inaingia kwenye mkoba, ina nguvu. Yule mama akampa Shemeji ajaribu kifyatulio. Kidole hakikufika mwisho. Miaka ishirini ya kusuka imemla viungo vya mikono. Asubuhi hawezi kufungua kopo. Mimi najua jambo hilo. Nikamwambia atazoea.
Muuzaji akaniuliza kazini nabeba ipi. Nikajibu kama hii, kubwa zaidi. Akanitazama kidogo, kisha akavaa miwani. Shemeji alitaka kuilipia palepale kwa sababu mimi nimesema. Yule mama akakataa. Akamwambia aende kwanza uwanja wa shabaha, akodishe, apige kwa mkono wake mwenyewe, ndipo arudi.
Mgeni kabisa alimjali mke wa ndugu yangu kuliko mimi.

Alhamisi, 20 Machi
Kesho kutwa uwanja wa shabaha. Nimewaza kusema ninaumwa. Shemeji ametuma ujumbe: anashukuru kwamba nitakuwa naye, peke yake angeogopa.
Sitasema ninaumwa.

Jumamosi, 22 Machi
Chumba kirefu cha zege nyuma ya karakana za magari. Vifunika masikio. Mwalimu wa pale Msotho mnene, mpole, ndevu za mvi.
Shemeji alianza na ile niliyoichagua. Risasi ya kwanza ilipita juu ya karatasi. Ya pili bastola ilimruka mkononi, ikampiga chini ya kidole gumba. Akaiweka mezani, akabana mkono kati ya magoti. Machozi. Alimwomba mwalimu radhi. Kisha akageuka akaniomba radhi mimi.
Mwalimu akauliza nani alichagua hii. Nikainua mkono kama mwanafunzi.
Hakunikaripia. Alimweleza Shemeji: watu hufikiri silaha ndogo ni ya mtu mdogo. Sivyo. Iliyo nyepesi ni ya aliyepiga miaka mingi, kwa sababu kishindo chote kinaishia mkononi. Anayeanza apewe ya chuma, nzito kidogo, risasi za kishindo kidogo, kifyatulio anachokiweza. Akaleta nyingine, kaliba thelathini na mbili, mtutu umezidi urefu kidogo. Ikamkaa kiganjani. Risasi sita, nne kwenye karatasi. Nilimwona anashusha pumzi. Tangu siku ya wezi sikuwa nimemwona akishusha pumzi.
Halafu mwalimu akaniambia, "Kaka, na wewe mwonyeshe."
Nikasimama. Nikainua. Nikafumba macho. Baada ya mlio nilikuwa bado nimefumba, na mwalimu akasema polepole nifumbue. Karatasi haikuguswa. Akaitoa bastola mkononi mwangu yeye mwenyewe, kidole kwa kidole.
Tukapanda teksi ya abiria wengi. Tuliposimama kwenye robot ya tatu, taa za barabarani, Shemeji akauliza, macho mbele:
"Shemeji, kazini unabeba nini?"
"Rungu."
"Na bastola?"
"Hakuna. Haijawahi kuwepo."
Akageukia dirisha. Nilikuwa na nafasi ya kusema lile jingine. Teksi ilikuwa na kelele, watu wanapitishiana nauli. Nikajipa sababu hiyo. Nimetema nusu, nusu nimeimeza.

Jumanne, 25 Machi
Siwezi kula. Msimamizi ameuliza kama nina malaria. Nikasema labda. Uongo mwingine, mdogo, wa bure kabisa. Umetoka bila hata kuombwa.

Jumamosi, 29 Machi
Nimesema.
Nilifika saluni kabla haijafunguliwa. Shemeji alikuwa anachambua nywele za bandia, anazitenga kwa rangi. Nilisimama. Nikaeleza yote: koti, pazia, mtungi wa gesi, ngazi, mkate. Hakuacha kuchambua. Nyeusi huku, kahawia huku.
Nilipomaliza akauliza, "Ulisikia Clarisse?"
"Nilisikia."
"Kofi ya pili pia?"
"Ya pili pia."
Akafunga furushi kwa mpira. "Mimi umeniambia. Yeye anakuja saa tatu. Ukae."
Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Saa nzima. Vioo vitatu mbele yangu, na popote nilipogeuza macho nilijikuta. Mzee wa miaka hamsini na mbili, sare ya kampuni, kofia mapajani.
Clarisse alikuja akiwa bado ana simu sikioni. Alikata. Nikamwambia. Nilijiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kupigwa. Aliweka mkoba wake chini.
"Tonton," alisema, yaani mjomba, "na mimi ningekuwa nyuma ningejificha. Wale walikuwa na bunduki. Lakini nisingekuja kuuliza kuna nini."
Kisha akachomeka birika kwenye umeme, akaanza kufagia.
Kujificha angenisamehe. Kile nilichofanya baada ya hatari kwisha, nikiwa salama, nikiwa na mkate mkononi, hicho hakina hofu ya kukitetea.

Jumapili, 6 Aprili
Baada ya ibada nilimwambia mchungaji asiniite Komanda tena. Akatabasamu, akawageukia watu akasema tazameni unyenyekevu.
Nikasema, mbele yao, sina bunduki. Sijawahi kuwa nayo. Nafungua geti. Na siku ya wezi nilikuwa saluni, nilijificha.
Tabasamu la mchungaji lilikaa kidogo, halafu likaondoka. Vijana wa kwaya wakacheka. Kaka mmoja wa Bukavu alitikisa kichwa akasema, "Eish." Mama mmoja mzee akasogea kwenye benchi kunipa nafasi. Sijui kama ni huruma. Nilikaa.

Jumatatu, 21 Aprili
Sikukuu. Kiwanda kimefungwa, lakini geti halina sikukuu. Shemeji hajapiga simu tangu siku ile. Mimi pia sijapiga. Ningesema nini.

Jumatano, 11 Juni
Baridi kali. Maji ya bomba la uani yameganda.
Ujumbe kutoka kwa Grace, binti wa Shemeji. Kiswahili anakisikia tu, huniandikia kwa Kiingereza. Mama amefaulu mtihani wa silaha, wa kuandika na wa kupiga. Sefu imeshafungwa ukutani, polisi wamekuja kuikagua. Amechagua ile ya chuma. Yeye na mama wamekuwa wakienda uwanja wa shabaha. Ataivaa kiunoni, chini ya aproni, kwa sababu mwizi akinyakua mkoba amenyakua na bastola.
Mimi ndiye niliyesema mkoba.
Nilisoma ujumbe mara tatu. Hakuna neno lolote kunihusu. Ni habari tu. Nimeshukuru kwamba kuna mtu aliyeona nastahili habari.

Ijumaa, 17 Oktoba
Shemeji amepiga simu mwenyewe. Baada ya miezi zaidi ya sita. Alisema, "Kesho njoo ule." Akakata.
Nimepiga pasi shati. Nimeivua sare nikaitundika mbali nalo.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimekula saluni. Bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wakavu wadogo. Shemeji alinipakulia bila kuniuliza kiasi gani. Wao waliendelea na kazi, mimi nikala nyuma, pazia limefunguliwa.
Leseni imetoka. Hakuniambia, nilijua kwa jinsi anavyoinama sasa, upande mmoja. Hakunionyesha. Sikuuliza. Clarisse alizungumzia harusi ya dada yake, Shemeji akalalamikia bei ya nywele, mimi nikasema malori siku hizi yanachelewa. Mazungumzo ya watu.
Kama saa nane mlango uligongwa kwa nguvu. Sasa kuna geti la chuma, linafungwa mchana kutwa. Vidole vya Clarisse vilisimama katikati ya nywele za mteja. Mkono wa Shemeji ukashuka kiunoni, ukakaa hapo. Hakuna aliyenitazama.
Nilinyanyuka. Nilipita kati yao nikaenda mbele, nikachungulia kwenye nondo.
Mama mmoja na mtoto wa kike, sare ya shule. Anauliza kama tunasuka za shule, bila kuongeza nywele.
Nikafungua. Shemeji akatoa mkono kiunoni, akaufuta kwenye aproni, akamwambia mtoto akae.
Nikarudi kumaliza bukari. Ilikuwa imepoa. Nikaimaliza.